Ugonjwa Usiouma

Jumanne, 14 Januari

Ametoka tena. Giza halijaisha vizuri, nikamsikia akifunga kamba za viatu polepole, hataki niamke. Nilikuwa nimeamka zamani. Nililala tu nikimsikiliza.

Raba mpya, nyeupe chini. Miaka yote hii Baba Atieno amevaa buti za kazi zenye matundu ya cheche za kuchomelea, na hakuwahi kulalamika. Sasa ana raba. Eti za kutembea. Eti daktari amesema atembee kila siku kwa sababu ana kolestro.

Kolestro. Nikamuuliza inauma wapi, akasema haiumi. Nikamuuliza dawa iko wapi, akasema hakupewa, anaanza kwanza na chakula na kutembea, halafu apimwe tena baada ya miezi mitatu. Sasa huo ni ugonjwa gani? Mimi nimeuguza watu. Mgonjwa analala, anatapika, anaita mamake. Huyu wangu anaoga na maji baridi na kutoka akipiga mluzi.

Akirudi anakunywa maji, anaenda kwa karakana yake kutengeneza mageti ya watu. Chai hataki. Chapati hataki. Ameshiba nini?

Simwamini. Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo nitasema vibaya.

Ijumaa, 17 Januari

Sheria za daktari, vile nimeambiwa. Asile vya kukaanga. Nyama nyekundu apunguze, na hiyo kidogo aikate mafuta. Kuku atolewe ngozi. Maharagwe, ndengu, mboga nyingi, avokado, uji wa wimbi usio na siagi. Pombe kidogo au asinywe. Sigara aliacha kitambo, hapo ameponea.

Mimi ni mama samaki. Nakaanga kando ya barabara hapa mtaani Olympic kila jioni, na watu wanapanga laini. Atieno yuko chuo Eldoret kwa sababu ya hilo karai. Leo nimemwekea babake mkia, ule uliokauka vizuri, kile kipande ameringia nacho tangu tuoane. Akasema mbele ya wateja, "Mimi nichemshie tu, Mama Atieno."

Mbele ya watu. Mteja mmoja akacheka, akauliza kama samaki wangu wana shida, maanake hata mwenye nyumba anawakimbia. Nilikasirika.

Nikamchemshia. Nyanya, dania, ndimu. Akala akafurahi. Hiyo furaha ndiyo inanisumbua. Mtu akinyimwa kitu anachopenda hunung'unika. Asiponung'unika, jua anapata kingine mahali.

Na mwanamume wa miaka hamsini na kitu akianza kupigana na kitambi, hapiganii mkewe. Mke alishakizoea.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani. Shati la bluu linamning'inia. Shingo imeingia ndani ya kola kama ya mtoto aliyevaa ya kakake.

Wamama wa kwaya hawana aibu. Mmoja akanishika mkono kwa upole kabisa, akaniuliza, "Mzee yuko sawa? Mmeenda kupimwa?" Najua anauliza kupimwa nini. Hapa mtu akikonda ni ule ugonjwa, hakuna mwingine. Na kama si ule ugonjwa, basi mke hampi chakula. Nichague moja.

Nikasema ni kolestro. Wakaangaliana. Hata wao hawaamini.

Tulipofika nyumbani simu ya mama mkwe ikaingia. Habari zimeshavuka mpaka Siaya. Eti nasikia mwanangu amekuwa fito. Eti nimebaki na mwana mmoja tu. Hakusema mimi ndiye namkondesha, lakini alinyamaza mahali pa kusema. Nikamwambia Mama, anakula. Akasema atatuma samli.

Niliosha vyombo kwa hasira, nikavunja kikombe.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimejua.

Kuna msichana wa saluni pale steji ya Kawangware 56, hununua samaki kwangu akija kuona mamake. Ana mdomo lakini hana ubaya. Nikimfungia kwa gazeti akasema, "Mathe, kwani buda wako amehamia mtaa yetu? Namcheki Gatina karibu kila morning. Anakaa kwa huyo mathe wa uji."

Nikamwambia labda mzee wangu umemfananisha. Akasema hapana, si ndiye alitengeneza geti ya saluni yao.

Nikampa samaki, nikampa chenji, nikaendelea kukaanga. Samaki watatu wakaungua.

Gatina. Najua nani anakaa Gatina. Nyar Gem, mke wa marehemu Odhiambo, mdogo wake Baba Atieno. Tunamwita hivyo kwa sababu Gem ndiko alikozaliwa. Odhiambo alikuwa fundi wa mbao huko huko. Mwaka juzi alianguka na randa mkononi, hakuamka. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amelala hata siku moja. Kwa mazishi watu walisema mtu mzima haanguki hivyo bure, na macho yote yakaenda kwa yule aliyekuwa anampikia. Yangu pia. Niliporudi Nairobi nilisema jina lake lisitajwe tena kwa nyumba yangu. Baba Atieno alinyamaza, nikadhani amekubali.

Kijaluo mke wa shemeji unamwita nyieka, sawasawa na mke mwenza. Na huko nyumbani mjane hakai hivi hivi. Lazima ndugu wa marehemu aingie kwa ile nyumba, wazee hawajaacha hiyo mambo hata kama tunaimba kanisani. Ndugu ni mmoja tu. Amevaa raba.

Mathe wa uji. Kumbe ndiyo maana hataki chai yangu.

Jumamosi, 15 Februari

Samli imefika na basi. Kopo limejaa, limefungwa na plastiki na kamba ya katani. Nikafungua, nyumba nzima ikanuka nyumbani. Mo dhiang', samli ya ng'ombe wa mama mkwe mwenyewe.

Sijamuuliza chochote kuhusu Gatina. Nikimuuliza atajua najua, abadilishe njia. Siku za mwizi ni arobaini, acha zifike. Lakini kichwa changu hakikukaa bure. Nimefikiria hivi. Mwanamume anakula penye utamu. Hivi vyakula vya kuchemsha nimekuwa nikimpikia ndivyo vinamfukuza kwenda kwa uji wa watu. Ngoja nimrudishe.

Nikachukua mboga zangu za kienyeji, managu na saga, nilizokuwa nimezilaza na maziwa siku mbili vile inatakikana, nikatia samli. Vijiko viwili vikubwa. Haikuonekana, iliyeyuka ikaingia.

Tena daktari alikataza mafuta ya kukaanga. Hii haijakaangwa. Ya dukani ndiyo ina madawa. Babu zetu walikula samli wakazeeka wakiwa na meno yao, wakafa na uzee.

Alichovya tonge la ugali, akatia mdomoni, akaacha kutafuna kidogo. Akaniangalia. Nikaangalia sufuria. Kisha akaendelea, akamaliza yote, akafuta sahani na ugali wa mwisho. 

Nimeshinda. Moyo wangu umetulia kidogo leo.

Jumatano, 26 Februari

Kila jioni namtilia. Maharagwe, samli. Ndengu, samli. Hata samaki wa kuchemsha anapata kijiko. Anakula kila kitu bila neno.

Lakini bado anatoka. Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri, matope mpaka kwenye vifundo, akatoka na mwavuli. Mwavuli! Daktari gani anamtuma mtu kwa mvua?

Jioni nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, huwa unapitia wapi. Akasema napanda mpaka Ngong Road, nageuka. Hakupepesa hata jicho. Sikujua ni mwongo mzuri hivyo. Nikamnusa shati akiwa bafuni. Moshi wa makaa. Mimi nyumbani napikia gesi.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe amepiga simu kuuliza kama samli imefika. Nikamshukuru. Akaniambia sasa mambo ya nyumba ya Odhiambo yanamsumbua, mwaka umepita na mwingine umeingia, boma limekaa bila mtu wa kulisimamia. Ameongea na mwanawe. Nikamuuliza alisema nini. Akasema, "Alisema anashughulikia."

Anashughulikia.

Nilikaa chini kwa kiti cha kukaangia, mchana, bila karai, bila moto. Mwanamke wa mboga pale karibu akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Naogopa, ndiyo ukweli. Miaka ishirini na kitu na huyu mtu. Nimekuwa nikijiambia nina hasira, lakini si hasira peke yake. Naogopa kuachwa nikiwa na harufu ya samaki na miguu yenye magaga.

Jumanne, 18 Machi

Kesho namfuata. Nimemwambia msichana wa kuniletea samaki asije mapema. Nimetoa viatu vya Atieno vya shule chini ya kitanda, vinanibana lakini vitafika.

Nimepanga na maneno. Nitaanza na mwanamke. Nitamuuliza ulimaliza mdogo, sasa umekuja kumaliza mkubwa?

Jumatano, 19 Machi

Nimechoka hata kushika kalamu. Lakini acha niandike ikiwa bado moto.

Huyu mtu anatembea. Nilidhani ni kutembea kwa kuonekana, kumbe ni kwenda kweli, mikono inapiga upepo. Nilijitanda leso kichwani, nikabaki nyuma. Kabla ya Ngong Road nilikuwa natafuta pumzi kama mtu aliyezama. Kazi ya kukaa mbele ya karai haifundishi miguu. Mara mbili nilitaka kumwita anisubiri. Halafu nikakumbuka ninamfuata.

Tulipokaribia Gatina nikapita kichochoro cha mkato, nikamwona mwanamke kabla yake. Nyar Gem amesimama kando ya kibanda chake cha uji, upawa mkononi, shingo ameinyoosha anaangalia barabara. Wateja wanamwita, hawasikii. Anaangalia tu. Baba Atieno akatokea kwenye kona. Akamwona. Nyar Gem akakaa chini hapo hapo juu ya mtungi wa maji, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikasema basi, yameisha. Mwanamke haangalii barabara hivyo bure. Mimi sijawahi kumwangalia hivyo.

Nilifika kwa kishindo. Watu wa mjengo walikuwa kwa benchi na vikombe vyao, wakanipisha. Baba Atieno alisimama, uso ukambadilika. Nikasema maneno yangu yote niliyopanga, na mengine sikuwa nimepanga. Nikamuuliza Nyar Gem kama amekosa wanaume Kawangware nzima. Mama mwenye ploti alitoka kwa geti na kanga ya kulalia, akasimama kusikiliza.

 Nyar Gem aliniambia tu, "Keti, nyieka, umetoka mbali." Akanipa kipande cha nduma na chai ya rangi. Nilikataa. Kisha nikakaa, nikaipokea.

Akasema. Odhiambo naye alipimwa. Aliambiwa kolestro, hivi hivi. Akarudi akimwambia mkewe asitie mafuta. Mkewe akacheka. Ugonjwa gani hauumi? Akaanza kukonda, na majirani wakaanza kuuliza, na mama mkwe akaanza kupiga simu. Ikamuuma Nyar Gem. Basi akawa anamtilia kwa siri. Mafuta ya supu, mifupa yenye uboho. Aliona anamponya. Aliona anamrudishia mwili. Hata siku ile aliyoanguka alikuwa ameshiba chakula chake.

Daktari wa hospitali alimwambia ni moyo, mshipa uliziba. Akamuuliza kama marehemu ana ndugu, kwa sababu hii kitu wakati mwingine inatembea kwa damu. Ilimchukua muda mrefu kupata nguvu ya kumpigia Baba Atieno, akijua vile tunamwona. Alimsumbua mpaka akaenda kupimwa. Na alipojua ni kweli, akamwomba kitu kimoja, kwamba kwa kuwa ameambiwa atembee, atembee mpaka hapa, amwone. Asipomwona asubuhi hawezi kufanya kazi siku hiyo. Mambo ya kurithiwa hataki, amekataa, na Baba Atieno ndiye anapambana na wazee wamwache.

Nikamgeukia mume wangu. Mbona hukuniambia? Akasema, "Ulisema asitajwe."

 Sikuwa nasikia vizuri. Nilikuwa nimebaki pale pale kwa yale maneno, "kwa siri". Nduma ilinikwama kooni, wakanipigapiga mgongo, wakadhani ni kulia.

Tulirudi wote wawili kwa miguu. Hakunishutumu. Ningefurahi angenishutumu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefikiria usingizini na nimeamka nikifikiria. Alijuaje? Nyar Gem. Mbona hadithi yake ifanane na yangu hivyo, mpaka mama mkwe na simu? Labda mtu amemwambia. Labda anajua nilivyofanya na anataka niogope, nijikwae mwenyewe. Mwanamke anayejua kuongea taratibu hivyo si wa kuamini siku moja.

Na labda ni kweli. Hiyo ndiyo inanifanya niwe mkali.

Jioni nilishika kopo. Nikatia nusu kijiko. Nikajiambia nusu si kitu, na nikiacha ghafla atashangaa ladha.

Jumapili, 30 Machi

Nusu kijiko bado. Siku mbili nimeacha, siku ya tatu nikarudia. Akikohoa nashtuka. Akilala mchana namwangalia kifua.

Wamama wa kwaya wamesema amepata rangi. Sasa wanataka kujua anatumia nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Kliniki. Aliambiwa asile kitu tangu jana usiku, wakamtoa damu asubuhi, tukangoja. Nilienda naye. Alishangaa lakini alifurahi, akaninunulia maji ya chupa.

Daktari ni msichana mdogo, mpole, lakini majibu yalipokuja upole ukapungua. Uzito umeshuka, vizuri. Presha iko sawa, vizuri. Kolestro haijashuka. Imepanda kidogo.

Akaweka kalamu chini. Akamwambia, "Mzee, unanidanganya ama unajidanganya? Unakula nini?"

Baba Atieno akasema anakula vile alivyoelezwa. Akaulizwa nyama choma za njiani. Hapana. Mutura? Hapana. Chipsi? Hapana. Siagi? Samli?

"Hapana, daktari," akasema.

Hakuniangalia. Mimi niliangalia sakafu, nikaona raba zake. Zimekwisha upande mmoja, kisigino cha kulia. Amezitembea kweli.

Daktari alimkaripia kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mtu mzima, fundi, mikono juu ya magoti, anasema ndiyo daktari, ndiyo daktari. Kisha akamwandikia vidonge vya kila siku. Akasema wakati mwingine ni damu ya ukoo, chakula peke yake hakitoshi, lakini chakula na kutembea asiache hata akiwa na dawa, na Atieno naye apimwe. Miezi mitatu mingine.

Sasa ana dawa. Zamani nilitaka aonyeshe dawa ndiyo niamini.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilienda kwa karakana. Sijawahi kwenda huko bila chakula. Alikuwa anasugua kona ya geti na tupa. Nilisema haraka, nimesimama, kabla hajazima redio. Samli. Tangu Februari. Vijiko viwili, halafu nusu.

Hakuacha kusugua. Akasema, "Najua. Mo haifichiki. Nilijua siku ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi ulikula.

"Ningekataa ungesema nimekula Gatina."

Ni kweli. Ningesema hivyo hivyo. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni mwangu tangu Januari, yalingoja tu akatae sahani moja.

Nikamuuliza na baada ya Gatina, nilipojua yote, mbona hakusema. Akapuliza chuma kilichosagika, akapitisha kidole kwenye ile kona kuona kama imelainika. Akasema alikuwa anangoja niache mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikilia barabarani mchana kweupe, mtu mzima. Yule wa mboga alinipa nyanya mbili bure, hakuuliza.

Alikuwa anakula kifo kidogo kidogo ili nisimshuku. Na mimi nikihesabu hiyo kama ushindi. Nimejiandikia mwenyewe hapo juu, "Nimeshinda." Siifuti.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilimpigia Nyar Gem mimi mwenyewe. Simu ililia sana kabla hajashika, nadhani alikuwa anaangalia jina. Nikamwambia njoo ule kwangu. Akasema atakuja na nduma.

Tulipika wote wawili jikoni kwangu, hapatoshi wawili, matako yanagongana. Kuku tulimchuna ngozi. Yeye alishika kisu, mimi nikavuta. Tulinunua kuku wa kienyeji, tukamchemsha na tangawizi na nyanya, maharagwe pembeni, managu ya maziwa kidogo bila kingine. Hakuuliza kuhusu nilivyokuwa nikipika. Nilimwambia. Aliendelea kukata kitunguu, machozi yakamtoka, na sikujua ni ya kitunguu au ni yake. Akasema, "Wako yuko mezani." Basi.

Yuko mezani kweli, anasema chakula hakina ladha na anaongeza.

Samli ya mama mkwe siwezi kuitupa, ni laana kutupa chakula cha mzee. Najipaka kwa magaga. Sasa kila asubuhi natembea na Baba Atieno mpaka Ngong Road, nikishindwa nageuka, na visigino vyangu vimelainika kama vya bibi harusi. Mama mkwe akiuliza namwambia inatumika vizuri. Wala si uongo.

Bado simwamini Nyar Gem mia kwa mia. Anasema uji wake hauna sukari nyingi. Nimeuonja, una sukari.

Jumanne, 22 Aprili

Leo sikwenda. Samaki walikuja mapema na barafu ilikuwa inayeyuka. Baba Atieno alikunywa kidonge chake jana baada ya chakula, nilimwona akimeza. Asubuhi akafunga raba bila kujificha, akaniaga, akatoka.

Niliparua samaki. Jua likatoka. Watoto wa shule wakapita, wakaisha. Wakati wake wa kurudi ukafika, ukapita kidogo.

Nilijikuta nimesimama kando ya barabara na kisu mkononi, magamba mpaka kwenye viwiko, shingo nimeinyoosha. Mteja aliniita, nikamsikia kwa mbali. Zamani nilikuwa nauliza yuko kwa nani. Leo nilikuwa nauliza tu kama yuko.

Akatokea pale kwenye kona, mikono inapiga upepo.

Nikakaa chini. Nikampigia Nyar Gem nikamwambia amefika.